Pesa za Kufulia

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya uwanja, upande ambao mashabiki hawaufiki. Mashine sita kubwa, sakafu ya saruji isiyokauka, na mvuke uliokupiga usoni mara tu ulipofungua mlango. Niliingia saa mbili usiku nikatoka saa sita. Kila mchezaji alikuwa na kitanzi cha kamba nene chenye namba yake; soksi, kaptula na fulana zake zilitungwa humo kama samaki, zikafuliwa pamoja na kurudi pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuvipokea vitanzi vikiwa na tope, kuvitia mashineni, kuvikausha, kisha kuvitundika kimoja kimoja kwenye kabati la mwenyewe ili asubuhi avikute. Malipo yalikuwa dola 5 na senti 15 kwa saa, kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali ya Marekani mwaka ule wa 2006.

Vitanzi vingi vilikuwa vya wachezaji wa futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki. Kimoja kilikuwa changu. Nilikuwa mkimbiaji wa chuo hichohicho: mbio za nyika majani yakipukutika, uwanja wa ndani wakati wa theluji, uwanja wa nje theluji ikiyeyuka. Asubuhi nilikimbia kilomita 16, mchana nikawa darasani, jioni mazoezi tena, na usiku nikafua jezi niliyoshinda nimeivaa pamoja na za wenzangu ili nipate pesa ya chakula.

Chuo sitakitaja. Watu wengi pale walinitendea wema, na kanuni zilizonibana hawakuzitunga wao.

Nimeanza na chumba hicho kwa sababu mjadala wa kuwalipa wanariadha wa vyuo vya Marekani umepamba moto tena tangu Juni 2025, na watu wa hapa Eldoret hunitumia picha za vijana wa miaka 19 wakiwa wameegemea magari yenye thamani ya shamba zima. Wananiuliza kama watoto wetu walioko kule sasa nao wanatajirika. Huwa nashindwa kuwajibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

Miaka yote niliyofanya kazi pale sikujua kwamba kazi yangu ya usiku ilikuwa imeshawahi kutajwa katika ugomvi huu. Miaka ya 1950, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliporuhusu vyuo kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, iliruhusu pia mwanariadha apewe dola 15 kwa mwezi. Ziliitwa pesa za kufulia. Haukuwa mshahara. Ilikuwa ni kukubali tu kwamba kijana aliye mbali na kwao anahitaji sabuni, nauli ya basi, stempu ya kumwandikia mama barua. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 hata hizo zilikuwa zimeondolewa. Mnamo 1973 wakageuza na ufadhili wenyewe: badala ya miaka minne ukawa wa mwaka mmoja mmoja, wa kuhuishwa kocha akiridhika. Ukiumia goti mwezi wa Aprili, barua ya Julai uliisubiri kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

Hata jina tulilopewa, «mwanafunzi-mwanariadha», lina asili yake. Mwaka 1955 mchezaji wa futiboli wa chuo kidogo cha Colorado, Fort Lewis A&M, aitwaye Ray Dennison, aliumia kichwa uwanjani akafa. Alikuwa amepigana vitani akarudi nyumbani, ana mke na watoto. Mjane wake alidai fidia anayolipwa mtu aliyefiwa na mfanyakazi. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikamnyima, ikisema chuo hakifanyi biashara ya futiboli. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA tangu 1951 hadi 1987, ndiye aliyelisimika neno «mwanafunzi-mwanariadha» katika miaka hiyohiyo, na alikuja kueleza mwenyewe kwamba lilikuwa ngao dhidi ya madai ya namna hiyo. Mwanafunzi hana fidia, wala mshahara. Katika uzee wake Byers aligeuka akaukosoa vikali mfumo alioujenga. Mimi niliingia nchini kwao nikiwa na jina hilo kwenye kila fomu, nikalitia saini kwa fahari, kwa sababu kwetu mtu anayesoma na kukimbia ni mtu aliyebarikiwa mara mbili.

Na nilibarikiwa, sitalikana hilo. Shahada ndiyo iliyonipa kazi ya ualimu ninayoifanya leo. Wanaosema kwamba ufadhili ni malipo tosha wana hoja, na nimewasikia wakiisema kwa dhati hata hapa nyumbani: umesomeshwa, umelishwa, umelazwa, unataka nini tena? Ila wengi wao hudhani kila mkimbiaji anasomeshwa bure kabisa. Wakati wangu timu ya wanaume ya riadha, ukijumlisha nyika na uwanjani, warushaji na warukaji, iliruhusiwa jumla ya ufadhili 12.6. Ndiyo, pointi sita. Kocha alikuwa na watu zaidi ya thelathini na keki moja ya kuwagawia. Futiboli ilikuwa na ufadhili kamili 85. Mimi nilipata ada yote na sehemu ya bweni. Chakula, vitabu, bima, nguo za baridi, nauli ya kurudi nyumbani, hayo yote nilijitafutia. Mama aliuza ng'ombe wawili ili nipate tikiti ya kwenda, na mtu akishauziwa ng'ombe hapigi simu nyumbani kusema ana njaa.

Viza ya mwanafunzi iliniruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, nje ya chuo hapana. Kanuni za NCAA nazo zilisema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki. Ishirini na ishirini ni arobaini, nawe bado hujafungua kitabu. Halafu safari haihesabiwi. Tulikaa ndani ya basi saa tisa kwenda mashindanoni na saa tisa kurudi, na kwenye karatasi siku ya mashindano iliandikwa saa 3, kwa sababu ndivyo kanuni inavyohesabu, hata ukikimbia saa nne asubuhi na tena saa kumi na mbili jioni.

Nataka kukaa kidogo kwenye Desemba ya mwaka wangu wa kwanza.

Mitihani ilikwisha katikati ya mwezi na bweni likafungwa. Sikulijua hilo mpaka tangazo lilipobandikwa mlangoni: kila mtu awe ametoka Jumamosi adhuhuri, milango ifunguliwe tena Januari. Bwalo la chakula likafungwa. Chumba cha kufulia kikafungwa, kwa hiyo na mshahara ukafungwa. Tulikuwa Waafrika watano katika timu ya riadha, tukahamia kwenye chumba cha Mkenya mwenzetu wa mwaka wa nne aliyekuwa akipanga nje ya chuo. Watu sita, chumba kimoja cha kulala, godoro mbili na mazulia. Tulichangishana tukanunua gunia dogo la mchele, maharagwe makavu, mafuta na unga wa mahindi kutoka duka la Wamexico. Ule unga wao hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Ukiupika ugali unanata na una harufu yake. Tuliula hivyohivyo.

Ratiba ya kocha ilisema kilomita 110 kwa wiki, maana msimu wa ndani unaanza Januari na kila anayerudi akiwa hana mwendo ataonekana siku ya kwanza. Tulikimbia alfajiri juu ya theluji iliyoganda, tukarudi, tukanywa chai ya rangi yenye sukari nyingi, tukalala ili njaa isitukute macho. Saa nane tukala mara moja. Ulipofika mwisho wa mwezi nilikuwa nimepungua kilo nne, na mimi sikuwa na kilo za kupunguza.

Kulikuwa na mama mmoja kanisani, Mmarekani mzee mwenye sauti ya upole, aliyeona namna tulivyoila mikate ya kanisa baada ya ibada. Jumatatu yake alikuja na gari lenye mifuko ya vyakula: kuku, viazi, maziwa, machungwa. Mwenzetu wa mwaka wa nne alimkaribisha ndani, akamshukuru, kisha akamuuliza kwa adabu kama anachangia mfuko wa michezo wa chuo. Akasema ndiyo, yeye na marehemu mumewe wamechangia miaka mingi, wana viti vyao uwanjani. Mwenzetu akairudisha mifuko kwenye gari, mmoja baada ya mwingine. Kwa kanuni, mchangiaji wa mfuko wa michezo alikuwa mtu wa upande wa timu, na kuku kutoka kwake alikuwa posho haramu. Mwanariadha akipatikana amepokea anasimamishwa. Yule mama alilia. Alikuwa na umri wa bibi yangu, na kwetu hakuna tusi linalozidi kumrudishia bibi chakula alichokuletea mlangoni.

Nilipoongea na nyumbani Krismasi, mama aliuliza kama nimekula. Nikasema tumekula kuku.

Kwa hiyo Aprili 2014, Shabazz Napier wa Chuo Kikuu cha Connecticut alipowaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku analala na njaa, sikushangaa. Nilikuwa nimesharudi Kenya, nikaisoma habari hiyo kwenye simu katika chumba cha walimu. Napier hakuwa mkimbiaji wa pembeni kama mimi. Alikuwa kinara wa timu iliyotwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo mwezi huohuo, mbele ya nchi nzima. Jezi yenye namba yake ilikuwa ikiuzwa dukani. Kabla mwezi haujaisha NCAA ilibadilisha kanuni, ikaruhusu vyuo vya daraja la kwanza kuwapa wanariadha wote chakula bila kikomo. Hadi wakati huo vyuo vilipimiwa hata vitafunio vya kumpa mwanariadha kati ya mlo na mlo. Yalihitajika maneno ya bingwa mmoja mbele ya kamera ili mtu aongezewe sahani.

Nikikumbuka haya humfikiria Henry Rono, ambaye watoto wa Nandi tulikua tukisikia jina lake kama watu wengine wanavyosikia majina ya majemedari. Mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa Washington State University. Kwa siku 81, kuanzia Aprili hadi Juni, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za kwanza alizivunja Berkeley na Seattle, katikati ya msimu wa vyuo. Hakuwahi kukimbia Olimpiki, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Miaka aliyokuwa moto kuliko binadamu yeyote duniani ndiyo miaka ambayo kanuni za uridhaa, za kukimbia bila malipo, zilimkataza kugeuza miguu yake kuwa kiwanja au akiba ya benki. Maisha yake ya baadaye yalikuwa na tabu nyingi, na sitaki kusema tabu zote zilitoka hapo. Pombe ilikuwemo, naye aliieleza mwenyewe kwa ujasiri. Alifariki Februari 2024. Lakini kila ninaposikia kwamba kumlipa kijana kutamharibu, namkumbuka yeye ambaye hakulipwa.

Sasa nije kwenye kanuni ambayo watu hawaizungumzii, na ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Januari 2015 ligi tano kubwa za vyuo zilikutana zikapiga kura 79 dhidi ya 1 kwamba ufadhili wa michezo unaweza kuvuka ada, vitabu, bweni na chakula, ukafikia gharama halisi za kuishi chuoni: nauli, simu, nguo, sabuni, vile vitu vidogo. Kila chuo huwa kimeshakadiria gharama hizo kwa ajili ya wanafunzi wake wote. Kwa vyuo vingi tofauti hiyo ilikuwa kati ya dola 2,000 na 5,000 kwa mwaka. Walikuwa wamejaribu 2011, wakapitisha posho ya dola 2,000 mwezi wa Oktoba, na Desemba ikasimamishwa kwa sababu vyuo vingine vililalamika. Kesi ya Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa mpira wa kikapu na chuo cha UCLA mwaka 1995 kisha akajiona ndani ya mchezo wa video bila kulipwa hata senti, ndiyo iliyowasukuma. Jaji Claudia Wilken alikuwa ameshaamua Agosti 2014 kwamba kuvizuia vyuo visilipie gharama halisi ni kuvunja sheria ya ushindani.

Dola 3,000 kwa mwaka hazinunui gari. Zinanunua koti, zinalipa chumba cha Desemba, zinakupa tikiti ya kwenda kumzika baba yako. Na kwa mtoto wa Kenya, Uganda au Kongo zina sifa moja ambayo pesa kubwa za leo hazina: zinahesabiwa kuwa sehemu ya ufadhili wa masomo. Si ajira. Viza ya mwanafunzi haizikatai.

Watu wetu ndipo wanapopotea njia. Julai 1, 2021 NCAA iliruhusu wanariadha kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina, sura na umaarufu wao. Siku kumi tu kabla yake Mahakama ya Juu Zaidi ya Marekani, majaji wote 9, ilikuwa imeipiga NCAA mweleka katika kesi ya Alston, iliyofunguliwa na wanariadha kupinga vikomo vya wanachoweza kupewa na vyuo. Wengi wakadhani mlango umefunguliwa kwa kila mtu. Lakini tangazo la biashara ni kazi, na mwenye viza ya mwanafunzi hana ruhusa ya kuifanya kazi hiyo akiwa ndani ya Marekani. Akikosea hasimamishwi mechi mbili. Anapoteza viza, anarudishwa kwao.

Tazama alivyofanya Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho cha sokoni na mitaani. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo Marekani nzima, akichezea Chuo Kikuu cha Kentucky. Wenzake wazawa walikuwa wakitia saini mikataba chumbani kwao. Yeye alisubiri mpaka timu iliposafiri kwenda visiwa vya Bahamas mwezi wa Agosti kwa mechi za kirafiki, na huko, akiwa nje ya ardhi ya Marekani, ndiko alikopiga picha na kufanya kazi za matangazo yake. Mchezaji bora wa nchi nzima alilazimika kutoka nchini kwanza. Na huyo alikuwa na chuo tajiri na wanasheria nyuma yake. Mkimbiaji wetu wa mita 10,000, katika mji wa mahindi usio na bahari wala wanasheria, atakwenda Bahamas gani?

Juni 6, 2025 jaji yuleyule, Wilken, aliidhinisha mapatano ya kesi ya House, ambayo wanariadha waliishtaki NCAA wakidai malipo. Vyuo vinavyoyafuata vinaweza sasa kuwalipa wanariadha moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na dola bilioni 2.8 zimetengwa kuwafidia waliocheza miaka ya nyuma. Katika fidia hiyo mgawo unaelekea hivi: asilimia 75 futiboli, 15 mpira wa kikapu wa wanaume, 5 wa wanawake, na 5 ya mwisho kwa michezo mingine yote. Riadha imo humo mwishoni, pamoja na kuogelea, mieleka na gofu. Wanawake waliokata rufaa dhidi ya mgawo huo nadhani wana haki kabisa.

Sioni ubaya kijana anayejaza uwanja wa watu 100,000 akilipwa. Kocha wake analipwa, wengine zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, na hakuna anayesema pesa itamharibu. Kinachonikera ni mpangilio. Kwa miaka zaidi ya sitini walimnyima kila mtu, kisha wakaruka moja kwa moja kumlipa nyota, na katikati wakamwacha yule anayefua nguo usiku. Ile posho ya 2015 ni ruhusa, si lazima. Chuo kinaweza kuitoa au kutoitoa, na sasa kila dola inatafutwa kwa ajili ya futiboli. Mapatano hayo yameondoa kikomo cha ufadhili. Timu ya mbio za nyika sasa ina ukomo wa wanariadha 17, na chuo kikitaka kinaweza kuwafadhili wote 17 kikamilifu. Kikitaka pia kinaweza kumfadhili mmoja.

Ningekuwa na sauti huko ningetaka kanuni moja tu, fupi: chuo kinachompa mtu jezi, kwanza kihakikishe ana pa kulala na cha kula miezi yote 12, kwa kiwango kilekile awe anarusha mkuki au anarusha mpira mbele ya televisheni. Baada ya hapo soko lifanye kazi yake. Doris Lemngole wa Alabama, binti wa Kenya, Juni 2025 alikuwa mwanamke wa kwanza wa vyuo kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 9: dakika 8, sekunde 58.15. Nilisimama peke yangu sebuleni usiku huo nikipiga makofi. Uwanjani pale hakuna aliyelipa kiingilio kuona njaa ya Desemba, lakini nyuma ya kila binti kama yeye wako kumi ambao majina yao hayatangazwi, na ndio ninaowaandikia.

Jumapili iliyopita baba mmoja kutoka upande wa Nandi alikuja kwangu na binti yake. Mkulima wa mahindi, kofia mkononi, barua ya chuo ndani ya bahasha ya kaki. Binti anakimbia mita 1,500 na ana alama nzuri za mtihani wa kidato cha nne. Barua inasema ufadhili wa asilimia 60.

«Mwalimu,» baba akaniambia, «nimesikia siku hizi wanalipwa. Kwa hiyo hiyo arobaini atailipa mwenyewe akifika?»

«Hapana, Mzee. Kwa viza yake hawezi.»

Alinyamaza. Nikamweleza kwamba chuo hakitatoa hata fomu ya kuombea viza mpaka aonyeshe benki ina pesa za mwaka wa kwanza. Nikamweleza jambo linalowashtua wengi: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula hukatwa kodi, asilimia 14, kwa mwanafunzi mgeni kama wetu, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumwokoa. Kuna vyuo vinavyoibeba kodi hiyo na vingine vinamtumia mtoto ankara. Mtoto anapokea ankara ya pesa ambazo hajawahi kuzishika.

Tukampigia kocha simu hapohapo, kule ilikuwa asubuhi. Sauti ya kijana, mtu mwungwana. Nilimuuliza mambo ambayo hakuna aliyeniulizia mimi: Desemba bweni linafungwa? Binti atalala wapi, atakula wapi? Kodi ya asilimia 14 analipa nani? Posho ya gharama za kuishi mnawapa wakimbiaji au futiboli peke yao? Alikuwa mkweli. Posho hawana, kwa wakimbiaji. Kodi ni ya mwanafunzi. Desemba atauliza. Ufadhili anaweza kuusogeza, akaomba siku tatu.

Jumatano ujumbe wake ukaingia. Ada yote, bweni na chakula, na bweni moja litaachwa wazi kwa wanariadha wa kutoka nje Desemba nzima. Linalobaki, kodi, bima, vitabu na matumizi, amelikadiria kuwa dola 2,900 kwa mwaka.

Baba na binti walirudi Alhamisi. Binti alisoma ujumbe mara mbili, akaniuliza kama kule mashine za kufulia bado zinaajiri wanafunzi na zinalipa kiasi gani. Nikamwambia kima cha chini cha serikali yao ni dola 7 na senti 25, hakijapanda tangu 2009, ila majimbo mengine hulipa zaidi. Akaandika kwenye kiganja.

Baba alikuwa akihesabu kwa namna yake. Dola 2,900 ni kama shilingi 374,000. Gunia la mahindi kwa bei ya kwao ni 3,500. Akatulia, midomo ikisogea.

«Magunia mia na saba,» akasema. «Shamba langu likinipa vizuri ni sitini.»

Wamepanga harambee Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye uwanja wa shule ya msingi aliyosoma binti. Viti vya kanisa vimeshapatikana. Ameniomba nije niwaeleze watu kwa nini mtoto aliyepewa ufadhili bado anachangiwa.